Nyama ya nguruwe kwa mtu mwenye presha na lehemu: je, ni nyama nyeupe, na ina faida gani mwilini?

MamaWatatu_Mbeya aliandika:

Habari zenu wanajukwaa. Naomba mnisaidie katika jambo ambalo limeleta ubishi nyumbani kwangu kwa miezi miwili sasa. Mume wangu ana umri wa miaka 49. Alipopimwa kliniki alikutwa na shinikizo la damu lililopanda, na kipimo cha damu kikaonyesha kuwa lehemu (kolesteroli) imezidi kiwango. Mhudumu aliyemwona alimwandikia dawa, akamwambia apunguze chumvi na pombe, na aache nyama nyekundu. Foleni ilikuwa ndefu, kwa hiyo hakueleza zaidi ya hapo.

Tuliporudi nyumbani, mume wangu aliacha kabisa nyama ya ng'ombe na ya mbuzi, akahamia kwenye nguruwe, kwa sababu wenzake wa kazini walimhakikishia kuwa nguruwe ni nyama nyeupe kama kuku na haimo katika katazo lile. Sasa anakula kitimoto jioni nne au tano kwa wiki, nusu kilo peke yake, pamoja na ndizi za kukaanga, na anaamini kwa moyo wote kuwa anafuata ushauri wa daktari. Wifi yangu naye anashikilia kuwa nguruwe ni sumu tupu: eti mnyama huyu hatoki jasho, kwa hiyo uchafu wote wa mwili wake hubaki ndani ya nyama, na mwenye kuila ataishia kupata kifafa.

Mpishi ni mimi, na ninao watoto watatu wanaokula kutoka chungu hichohicho. Mkubwa ni binti wa miaka 15 ambaye mwaka huu alikutwa na upungufu wa damu na anameza vidonge vya madini ya chuma. Huku kwetu nyama ya nguruwe hupatikana kwa urahisi, na sisi wenyewe tunafuga wawili nyuma ya nyumba. Sitaki kuitupa bila sababu, wala sitaki kumwua mume wangu polepole kwa mkono wangu. Naomba nielezwe na mtu anayefahamu: nyama hii ina nini ndani yake, na mtu wa hali ya mume wangu aile vipi, kama anaruhusiwa kuila?

Lishe_Kwanza alijibu:

Dada, umefanya vyema kuuliza. Kazi yangu ni ushauri wa lishe, na niseme mapema kuwa mimi ni Mwislamu na nyama hii siili. Hata hivyo kazini ninawahudumia watu wa imani zote, na mgonjwa anayekula nguruwe anastahili jibu sahihi sawa na mgonjwa mwingine yeyote.

Naanza na hilo la rangi, kwa kuwa ndilo lililompotosha mumeo. Nyama ya nguruwe ni nyama nyekundu. Wataalamu wanapopanga nyama katika makundi hawatazami rangi ya kipande kilichokwisha kuiva, bali wanatazama aina ya mnyama na kiasi cha mayoglobini, yaani ile protini inayohifadhi oksijeni ndani ya misuli na kuipa nyama wekundu wake. Nguruwe anayo kidogo kuliko ng'ombe, lakini anayo nyingi kuliko kidari cha kuku, na Shirika la Afya Duniani linamweka katika kundi moja na ng'ombe, mbuzi na kondoo. Dhana ya kuwa ni nyama nyeupe ilipata nguvu kubwa kutokana na biashara: mwaka 1987 wenye biashara ya nguruwe nchini Marekani, walipoona wateja wanahamia kwenye kuku, walianzisha tangazo lililomnadi nguruwe kuwa ni "nyama nyeupe nyingine". Tangazo lile lilifanikiwa sana, hata leo watu wanaourudia usemi huo hawajui kuwa ulitoka kwa wauzaji.

Wifi yako naye tumjibu kwa heshima. Ni kweli kwamba nguruwe hatokwi na jasho la kutosha kuupoza mwili wake, na ndiyo maana hupenda kugaagaa matopeni wakati wa joto. Lakini jasho silo linaloondoa uchafu wa mwili, si kwa nguruwe wala kwa binadamu. Kazi hiyo hufanywa na ini na figo, na nguruwe anavyo viungo hivyo vikiwa vizima. Habari ya kifafa ni jambo jingine, nalo lina ukweli unaohitaji kuelezwa kwa uangalifu. Namwachia mtu wa mifugo.

Sasa tuje kwenye virutubisho. Mnofu wa nguruwe usio na mafuta una protini kamili, yaani yenye asidi amino zote ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Gramu 100 za sarara, ile nyama laini ya ndani ya mgongo, ikiwa imeokwa, huwa na protini takriban gramu 26, mafuta kama gramu 3.5 na nishati ya kilokalori 143 hivi, kiasi kisichotofautiana sana na kidari cha kuku kilichoondolewa ngozi. Ina zinki, seleniamu, vitamini B6 na vitamini B12, ingawa kwa madini ya chuma, zinki na B12 ng'ombe humzidi nguruwe waziwazi.

Jambo ambalo nguruwe anawapita wanyama wengine wa kufugwa kwa mbali ni thiamini, yaani vitamini B1. Gramu 100 za mnofu wake huweza kuwa na karibu miligramu 0.9, wakati mtu mzima anahitaji miligramu 1.1 hadi 1.2 kwa siku, na kiasi hichohicho cha nyama ya ng'ombe mara nyingi hakifikishi hata miligramu 0.1. Thiamini ndiyo inayouwezesha mwili kugeuza wanga kuwa nguvu, na sisi ni watu wa wanga: ugali, wali, ndizi, viazi. Tunapokoboa mahindi kupata sembe nyeupe tunaondoa kiini na ganda, na thiamini nyingi huondoka pamoja navyo. Daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliliona jambo la namna hiyo kisiwani Java katika miaka ya 1890, alipogundua kuwa kuku waliolishwa mchele uliokobolewa walipooza na waliorudishiwa mchele wenye ganda walipona. Ugunduzi huo ulichangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Ila nisieleweke vibaya, kwa kuwa asiyekula nguruwe hapungukiwi na lolote akila dona, maharage, karanga na alizeti. Familia yangu inaishi hivyo na tuna afya njema.

Tatizo la mumeo halimo katika mnofu huo. Nyama ya tumbo la nguruwe, ile yenye tabaka za mafuta na ngozi ambayo wengi huiona tamu kuliko zote, ikiwa mbichi ina mafuta kama gramu 53 kwa kila gramu 100, nishati inayozidi kilokalori 500 na protini isiyofika gramu 10. Kati ya mafuta hayo, karibu gramu 19 ni yale yanayoganda, ambayo ndiyo yanayopandisha lehemu mbaya katika damu. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta ya aina hiyo yasizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku nzima, na kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000 hiyo ni kama gramu 22. Kwa hiyo vipande vichache tu vya tumbo vinamaliza mgawo wa siku kabla hajagusa ndizi zake za kukaanga. Watu hutazama lehemu iliyomo ndani ya nyama yenyewe, na kwa kweli mnofu wa nguruwe, wa ng'ombe na wa kuku unakaribiana kwa hilo. Linalowatofautisha ni hayo mafuta yanayoganda.

Kuhusu kiasi, Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani unashauri mtu asizidishe gramu 350 hadi 500 za nyama nyekundu iliyoiva kwa wiki nzima. Nusu kilo mbichi, ikiiva, hubaki kama gramu 350. Mumeo akila hivyo mara nne, hata tukitoa mifupa, amezidisha kikomo hicho zaidi ya mara mbili.

MfugajiUyole alijibu:

Nashukuru kwa maelezo ya mtaalamu, na ninakubaliana nayo kwa sehemu kubwa, lakini kama mfugaji naomba niongeze jambo kuhusu chakula cha nguruwe mwenyewe, kwa sababu watu huzungumzia nyama kana kwamba nguruwe wote ni sawa.

Nguruwe ana tumbo moja kama sisi, hana matumbo manne ya kucheua kama ng'ombe. Kwa sababu hiyo mafuta aliyolishwa huingia mwilini mwake bila kubadilika sana. Ukimlisha dagaa nyingi hadi siku ya kuchinjwa, nyama inanuka samaki, na mteja ataikataa. Ndiyo maana sisi huziondoa dagaa mapema tunapokaribia kuuza. Ukimpa pumba za mahindi na mabaki ya ugali bila kipimo na bila protini ya kutosha, anajaza mafuta mgongoni yenye unene wa vidole vitatu. Ukimpa mashudu ya alizeti, soya kidogo na majani, akachinjwa akiwa na miezi sita hadi minane kabla hajazeeka, unapata nyama yenye mnofu mwingi. Mafuta ya nguruwe, tena, si yote yanayoganda: takriban nusu ni ya aina ileile iliyo nyingi katika parachichi na zeituni. Hilo halisemwi sana.

Dada, kwa kuwa unafuga wako mwenyewe, unayo nafasi ambayo mnunuzi wa bucha hana. Unaweza kuamua anakula nini. Mimi nawaambia watu kwamba nguruwe wa kienyeji aliyeachwa ajitafutie ndiye mwenye nyama nzuri na salama zaidi, kwa kuwa anatembea na hanenepi kupita kiasi.

MkaguziNyama_Songwe alijibu:

Ndugu mfugaji, hilo la mwisho naomba nilipinge kwa nguvu zote, kwa sababu nimeona madhara yake kwa macho yangu. Nguruwe anayezurura ndiye hatari kubwa kuliko wote, na hapa ndipo ilipo ile habari ya kifafa aliyoitaja wifi ya mwuliza swali.

Kuna mnyoo uitwao tegu wa nguruwe. Tegu mkubwa huishi ndani ya utumbo wa binadamu tu. Mtu mwenye tegu huyo akijisaidia porini au katika choo kisicho na mlango, nguruwe anayezurura hula kinyesi kile pamoja na mayai ya mnyoo. Mayai huanguliwa, vijidudu vinasafiri kwa damu hadi kwenye misuli, na huko hutengeneza vifuko vidogo vyeupe vyenye maji, vikubwa kama punje ya mchele au ya mahindi. Mtu akila nyama yenye vifuko hivyo bila kuiva vizuri, anapata tegu tumboni.

Hadi hapo hajapata kifafa. Kifafa huja pale mtu anapomeza mayai yenyewe, ambayo hutoka kwenye kinyesi cha binadamu mwenye tegu: kwa mikono isiyonawiwa baada ya kutoka chooni, kwa mboga zilizomwagiliwa maji machafu au kwa maji ya kunywa. Mayai hayo yakiingia mwilini mwa mtu, vile vifuko hujijenga ndani yake kama vinavyojijenga kwa nguruwe, na vikifika kwenye ubongo huleta kifafa na maumivu makali ya kichwa. Maana yake ni kwamba mtu ambaye hajaonja nguruwe maisha yake yote anaweza kuugua kwa sababu ya jirani au mpishi mwenye tegu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa katika maeneo mengi ambako watu wanaishi pamoja na nguruwe wanaozurura, karibu asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa wamekipata kwa njia hii. Wilaya za Mbulu, Mbozi na Mbinga ni miongoni mwa maeneo ya nchi yetu ambako tatizo hili limechunguzwa na kuthibitishwa. Inauma sana, kwa sababu ni kifafa kinachozuilika, na bado kuna vijana ambao jamii inawaficha ndani ikidhani wamerogwa.

Kwa hiyo, dada, wafunge nguruwe wako bandani mwaka mzima, na kila mtu wa nyumba hiyo atumie choo na anawe kwa sabuni. Siku ya kuchinja, mwite mkaguzi. Wafugaji wengi humfungua nguruwe mdomo na kupapasa ulimi wakitafuta vinundu. Ukivikuta ni dalili ya kweli, lakini ulimi ukiwa safi haimaanishi kuwa nyama ni safi, kwa maana wanyama wengi wenye vifuko hawavionyeshi ulimini. Mkaguzi hupasua misuli ya taya, ulimi, moyo na misuli ya mguu wa mbele. Ukinunua buchani, tafuta muhuri wa ukaguzi kwenye ngozi, na nyama isiyo na muhuri iache hata kama bei yake ni ya kuvutia.

Nyumbani kata vipande vidogo na uvipike hadi wekundu uishe kabisa ndani, na mchuzi wake uchemke sawasawa. Bonge la paja linalochomwa juu ya mkaa kwa haraka, likawa jeusi nje na lenye damu ndani, ndilo linalotupa hofu. Viwango vya kimataifa vya afya ya wanyama vinataka nyama yenye shaka ipate joto la nyuzi 80 hadi katikati, au igandishwe kwa nyuzi 10 chini ya sifuri kwa muda usiopungua siku kumi. Na kama mtu ataona vipande bapa vyeupe kwenye choo chake, aende kituo cha afya. Asijinunulie dawa ya minyoo ya tegu dukani, kwa sababu mwenye vifuko kichwani bila kujua anaweza kupata degedege baada ya kuimeza.

Nimalizie na homa ya nguruwe ya Afrika, kwa kuwa kila inapotangazwa watu hukimbia mabucha. Ugonjwa huo, ambao ulielezwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, huua nguruwe kwa wingi na kuwafilisi wafugaji, lakini haumwambukizi binadamu.

MfugajiUyole alijibu:

Nimekuelewa, ndugu mkaguzi, na ninaifuta kauli yangu ya mwisho. Wangu wote wako bandani, ila nilikuwa nikiwasifu wale wa kuzurura kwa habari ya mafuta tu, bila kufikiria upande huo.

MamaWatatu_Mbeya aliandika:

Nawashukuru sana. Jana nilimsomea mume wangu majibu yenu yote, na kwa mara ya kwanza hakubisha, isipokuwa aliuliza kama basi maana yake ni kwamba asiile tena maishani. Nina maswali mengine matatu yaliyonijia. Kwanza, yeye anakula sana nje, kwenye vibanda vya kitimoto, ambako sina uwezo wa kuchagua kipande, afanyeje huko? Pili, bibi wa watoto amesisitiza kuwa binti alishwe maini ya nguruwe kila siku ili damu iongezeke. Je, ni sahihi? Tatu, ninayo ndoo ndogo ya mafuta ya nguruwe niliyoyayeyusha na ninayatumia kuunga mboga kila siku. Sikuwahi kulifikiria hilo hadi nilipoyasoma maelezo haya.

JikoLaMwanjelwa alijibu:

Mama, mimi nimepika na kuuza kitimoto kwa muda mrefu, kwa hiyo nakueleza kile kinachotokea jikoni. Mteja anapoagiza nusu kilo, nyama hukatwa vipande, hutiwa chumvi na kuchemshwa kidogo, kisha hukaangwa. Mahali pengi haihitaji mafuta ya kuongeza, kwa maana inakaangika kwa mafuta yake yenyewe, na mafuta hayo hayamwagwi: hubaki kwenye karai na kumkaangia mteja anayefuata, na anayefuata, pamoja na ndizi za wote. Kufikia usiku yamekuwa meusi. Chumvi huwekwa wakati wa kuchemsha, huongezwa wakati wa kukaanga, na nyingine huja mezani pamoja na pilipili. Kwa mtu mwenye presha, nadhani chumvi ile inamdhuru sawa na mafuta.

Lakini mteja ana haki ya kuagiza anavyotaka. Mumeo akifika buchani pale pale kibandani, aombe akatiwe steki au paja bila ngozi, na aseme atolewe mafuta ya pembeni. Aombe ichemshwe hadi iive kabisa, kisha itengenezwe rosti yenye nyanya, vitunguu, karoti na hoho, bila kupita kwenye karai la mafuta. Aseme chumvi iwe kidogo sana. Limao na tangawizi huleta ladha ya kutosha. Ndizi azichukue za kuchemsha au za kuchoma, na kachumbari iwe sahani nzima badala ya kijiko cha kupambia. Wateja wangu wawili wenye presha wanaagiza hivyo na hakuna anayewashangaa. Robo kilo inamtosha mtu mmoja.

Lishe_Kwanza alijibu:

Namshukuru mpishi, kwa kuwa ushauri wake ni mzuri kuliko ule ambao ningeutoa mimi kuhusu vibanda nisivyoingia.

Dada, nianze na binti, kwa sababu suala lake ni la kufurahisha zaidi. Bibi hakukosea kabisa. Maini ya nguruwe yaliyopikwa yana takriban miligramu 18 za madini ya chuma kwa gramu 100, karibu mara tatu ya maini ya ng'ombe, na chuma hicho ni cha aina ambayo mwili huifyonza kwa urahisi kuliko kile cha mboga za majani. Kosa ni hilo la "kila siku". Maini yana vitamini A kwa wingi mno, zaidi ya mikrogramu 5,000 kwa gramu 100, ilhali kikomo salama kwa msichana wa umri wake ni mikrogramu 2,800 kwa siku, na vitamini hiyo haitoki kwa mkojo bali hujikusanya mwilini. Mpe kipande cha gramu 50 hivi, mara moja kwa wiki, kikiwa kimeiva kabisa, na aendelee na vidonge vyake kama alivyoelekezwa mpaka apimwe tena. Mwanamke mjamzito asiyale maini, kwa sababu vitamini A iliyozidi huweza kumdhuru mtoto tumboni.

Siku nyingine zote mchanganye nyama kidogo na maharage au mchicha katika chungu kimoja. Nyama, hata ikiwa vipande vichache, huusaidia mwili kufyonza chuma kilichomo kwenye maharage na mboga, na kachumbari yenye limao au chungwa baada ya mlo hufanya kazi hiyohiyo. Chai ya rangi na kahawa zinafanya kinyume, kwa hiyo azinywe saa moja au zaidi baada ya kula. Kwa familia ya watu watano, robo tatu ya kilo ya mnofu ndani ya maharage inalisha vizuri kuliko kilo mbili za kukaanga. Na kwa kuwa thiamini huyeyuka katika maji na huharibiwa na moto wa muda mrefu, mchuzi usiumwage; uondoe tu mafuta yaliyoelea juu baada ya kupoa.

Hilo linanileta kwenye ndoo yako. Ni kweli kama alivyosema mfugaji kwamba sehemu kubwa ya mafuta ya nguruwe ni ya aina nzuri, lakini karibu asilimia 40 ni yale yanayoganda, na mumeo tayari ana lehemu iliyozidi. Kwa chungu ambacho yeye anakula, tumia mafuta ya alizeti, tena kwa kijiko na si kwa kumimina. Ndoo hiyo usiione kama dhambi. Inaweza kukusaidia kutengeneza sabuni, au ukampa jirani asiye na tatizo hilo ambaye anaitumia kwa nadra.

Kwa mume wako ningependekeza nyama nyekundu mara mbili kwa wiki, iwe ya nguruwe au ya ng'ombe, kipande kinacholingana na kiganja chake bila vidole, na siku nyingine samaki, kuku asiye na ngozi, maharage au choroko. Soseji na bekoni aziache kabisa. Si kwa sababu nyama hizo zinatoka kwa nguruwe, bali kwa sababu zimetiwa chumvi nyingi na dawa za kuhifadhia. Mwezi Oktoba 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliziweka nyama zilizosindikwa katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani, na likaeleza kuwa gramu 50 kila siku huongeza uwezekano wa saratani ya utumbo mpana kwa karibu asilimia 18. Chumvi yote ya siku, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate na vyakula vya madukani, isizidi kijiko kimoja cha chai. Na kama vidole vyake vya miguu huvimba na kuuma usiku, amweleze daktari, kwa sababu maini na bia kwa pamoja humchochea mwenye jongo.

Dawa za presha asiziache hata akijisikia vizuri. Chakula kinazisaidia dawa hizo, hakichukui nafasi yake.

MamaWatatu_Mbeya aliandika:

Nimeyaandika haya yote kwenye daftari la jikoni. Tumekubaliana kwamba kitimoto kitakuwa Jumamosi peke yake, cha rosti, robo kilo, na Jumatano nitapika mnofu ndani ya maharage kwa ajili ya nyumba nzima. Bia bado tunazijadili. Wifi yangu amesoma maelezo ya mkaguzi mara mbili, kisha akaniuliza kama choo chetu cha nje kinaweza kuwekewa mlango kabla ya mvua, nami nimemwambia fundi anakuja Jumatatu. Tutampeleka mume wangu kupima lehemu tena baada ya miezi mitatu, na nitarudi hapa kuwaeleza majibu yake.